Sifuri za Jumatatu

Mtego namba tisa ulisimama pembeni mwa shamba, juu ya kijiti kilichochongwa, usawa wa kifua cha mtu mzima. Haukuwa na maajabu. Kopo la plastiki la rangi ya manjano iliyokolea ukijani, juu yake wavu mwembamba, na juu kabisa kifuniko kidogo kinachoonyesha kilichomo. Ndani ya kifuniko hicho mlikuwa na kidonge cha harufu. Binadamu hanusi kitu pale. Anayeinusa harufu hiyo ni mdudu mmoja, fukusi wa vitumba, na huyo alikuwa hajawahi kuonekana nchini. Huko alikotokea alikula pamba mpaka viwanda vya kuchambulia vikageuzwa maghala ya saruji. Ofisini walimwita Mgeni, na mitego yote kumi na minne ya bonde lile ilikuwa ikimsubiri mgeni ambaye kila mtu aliomba asije.

Mkaguzi alizima pikipiki, akafuta jasho kwa mkono wa shati, akakichomoa kifuniko. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mama wa mtoto mmoja, na kazi hii aliifanya kwa miaka saba. Alikisogeza kifuniko usoni kwa mazoea, kama mtu anavyoangalia saa bila haja ya kujua ni saa ngapi.

Ndani mlikuwa na wadudu.

Alihesabu mara ya kwanza, akahesabu tena. Kumi na mmoja. Kila mmoja ukubwa wa punje ya mchele, rangi ya majivu, na mdomo mrefu uliopinda kama mkonga. Wanne walikuwa wakitembeatembea. Saba walikuwa wamekufa, na hao saba ndio waliomfanya akae chini kwenye vumbi. Walikuwa wamekauka. Wawili miguu ilishakatika. Mmoja alikuwa amezongwa na utando wa buibui, tena utando wenyewe umeshika vumbi.

Hawa hawakuingia wiki hii. Wala hawakuingia wiki iliyopita tu. Na kwenye faili ofisini, kwa mwandiko wake mzuri, mtego namba tisa wiki iliyopita ulikuwa na sifuri, na wiki ya kabla yake sifuri.

Sifuri zile zina historia yake. Fomu ya Jumatatu ina mistari kumi na minne, na shambani kuna upepo, kuna jasho, na kalamu hugoma kuandika pale pale unapoihitaji. Mkaguzi aliyemtangulia, mzee aliyekuwa anakaribia kustaafu, alimfundisha kazi wiki nzima, na siku ya kwanza kabisa alimketisha mezani. Akamwonyesha namna ya kuijaza fomu asubuhi, kwa kalamu nzuri, tarehe na namba na sifuri, mstari hadi mstari. Halafu unaibana kwenye ubao wako, unakwenda zako shambani. "Ukikuta kitu utakata, mwanangu," alisema. "Mimi nina miaka kumi na mmoja, sijakata." Naye akafuata. Haukuwa uvivu. Kila Jumatatu alizunguka mitego yote, mvua, jua, akafungua kifuniko kimoja kimoja. Ni kwamba sifuri ilikuwa imeshatangulia, kama mtu anayejibu "salama" kabla hajaulizwa hali.

Wiki mbili zilizopita, akiwa amemaliza mitego minane, simu iliita. Mwalimu wa darasa la tatu. Mtoto wake alikuwa ameanguka kutoka kwenye jukwaa la tangi la maji la shule, mguu umevunjika. Aligeuza pikipiki pale pale. Mitego sita iliyobaki ilikuwa ng'ambo ya kijito. Jioni, kwenye benchi la hospitali, dereva wa ofisi alipopita kumjulia hali mgonjwa, mkaguzi alimkabidhi fomu airudishe ofisini. Alikuwa ameisaini juu ya goti bila kuitazama. Hakukusudia kudanganya. Fomu ilikuwa imeshadanganya kabla yake.

Jumatatu iliyofuata kijito kilifurika, maji yakapita juu ya daraja la magogo. Alijiambia atarudi Jumatano. Jumatano ilikuwa siku ya kupeleka mguu wa mtoto kutazamwa. Kwa hiyo sifuri mbili, na zote mbili hakuna jicho lililoziona.

Sasa alikaa chini ya mtego, kifuniko mkononi, akiwatazama wale wanne wakizunguka juu ya wenzao waliokauka.

*

Mtaalamu wa wadudu waliyekuwa naye ofisini aliitwa Sindano, kwanza kwa sababu ya wembamba, pili kwa sababu kazi yake ilikuwa kuchoma wadudu kwa sindano na kuwapanga kwenye visanduku. Chumba chake kilikuwa na meza moja, hadubini moja, na dirisha lililofungwa kwa waya kwa vile bawaba ilikatika zamani. Aliwamimina wale kumi na mmoja kwenye kisahani, akainama, akakaa hivyo muda mrefu.

"Ni yeye," alisema bila kuinua kichwa. "Karibu sana, bwana mkubwa. Umetusumbua kwenye picha miaka yote, leo umekuja mwenyewe."

Mkaguzi hakucheka.

Sindano alichukua kibano, akaanza kuwatenganisha. Wanne upande huu, saba upande ule. Alimgeuza mmoja wa wale saba, mguu ukadondoka. Akamtazama yule mwenye utando wa buibui. Kisha akainuka, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, na akaifuta tena ingawa ilikuwa safi.

"Dada," alisema, "mimi nimeletewa wadudu, nimesema ni wadudu gani. Idadi ni kumi na mmoja. Nitaandika kumi na mmoja. Wameingia lini, hilo halimo kwenye fomu yangu. Limo kwenye yako."

"Nimekusikia."

"Sijasema kitu cha kusikika," alisema Sindano, akarudi kwenye hadubini.

Mkuu wa kituo alikuwa mtu mzima mnene, mpole, anayevuta pumzi kwa sauti akipanda ngazi tatu za ofisi yake. Ramani ya bonde ilikuwa ukutani, imebanduka pembe moja. Mpango wa dharura ulikuwa kwenye droo ya juu. Aliutoa, akausoma kwa kidole ingawa aliujua kwa moyo.

"Sifuri ya mwisho kabla ya leo ni lini?"

Mkaguzi alifungua mdomo. Kabla hajasema neno, mkuu alishafungua faili mwenyewe.

"Jumatatu iliyopita. Sifuri, saini yako hii. Alhamdulillahi." Aliegemea kiti. "Kama ingekuwa imepita wiki mbili tungekuwa tunaongea mengine. Wiki mbili jike limeshataga, wa kwanza wameshahama. Ingebidi tufyeke kilomita tano kila upande. Lakini ndani ya wiki moja hajafika mbali. Kilomita moja inatosha."

Alifunga uzi kwenye pini, akaichoma pini kwenye mtego namba tisa, akaufunga uzi kwenye penseli na kuzungusha. Duara likawa dogo, kama kitako cha kikombe. Ndani yake mlikuwa na mashamba kumi na nane, kila moja na namba yake.

"Hapa tunakata kila mche, tunachoma, tunalima upya. Pamba yoyote isiyochambuliwa iliyomo ndani ya nyumba inachukuliwa, na magunia yake, na chochote kilichogusana nayo. Itauma, lakini ni watu kumi na wanane." Akamtazama. "Umemkamata mlangoni, mama. Nitaandika barua huko juu wajue."

Macho ya mkaguzi yalikuwa kwenye shamba namba arobaini na moja. Lilikuwa kilomita mbili na nusu kutoka kwenye pini. Nje kabisa ya kitako cha kikombe. Hilo lilikuwa shamba la mama yake mzazi.

Alisaini taarifa akatoka.

*

Mama yake alikuwa amekaa barazani, miguu kainyoosha, akishona mifuko ya kuchumia pamba. Alikuwa mjane wa mwaka wa sita, mfupi, mweusi, mwenye mdomo uliozoea kusema na mikono iliyozoea kufanya. Mifuko aliishona kila mwaka kabla ya mavuno, kwa suruali kuukuu za marehemu mumewe na vipande vya magunia yaliyobebea pamba, kwa sababu alisema mifuko ya dukani inapasuka kabla ya pamba. Watoto wanne waliingia shule na kutoka kwa shamba lile. Mkaguzi ndiye aliyefika mbali kuliko wote, mpaka chuoni.

"Uso huo umeuazima wapi?" mama aliuliza. "Urudishe, haukupendezi."

"Nimechoka tu, mama."

"Kuchoka kunakaa mgongoni. Kwako kumekaa machoni."

Ndani ya mlango, juu ya mkeka, binti wa mkaguzi alikuwa amelala chali, mguu wenye plasta umeinuliwa juu ya mto. Alikuwa na miaka tisa na alishachoka kuwa mgonjwa.

"Mama, ona mto. Bibi amenishonea. Wa pamba yetu."

"Vile vitumba vya mwanzo vilivyopasuka kabla ya wenzake," bibi alieleza. "Nikasema, vya nini kusubiri? Mguu wa mjukuu wangu haulalii matambara."

"Lakini una mbegu, zinanichoma," mtoto alisema.

"Zikuchome. Ukilala sana utaota mizizi."

Mkaguzi aliinama akaugusa mto. Pamba mbichi, na mbegu zake ndani. Alikaa barazani karibu na mama yake, akachukua mfuko mmoja uliokwisha kushonwa, akaukunja juu ya mapaja.

"Nimesikia habari," mama alisema akikata uzi kwa meno. "Mdudu gani sijui. Wanasema kule kwa mjane wa fundi baiskeli watafyeka shamba lote. Masikini. Pamba yake ilikuwa nzuri kuliko yangu, na mimi simsifii mtu bure." Alitunga uzi mwingine, jicho moja limefumbwa. "Wewe ndiye uliyemkamata?"

"Ni mimi."

"Nilijua. Nilimwambia jirani, huyo ni wangu, kitu hakimpiti. Alipokuwa mdogo nikimtuma kuchambua mchele, alikuwa anatoa hadi mawe ambayo hayapo."

Mkaguzi aliinuka, akasema anakwenda kutazama shamba kidogo.

Pamba ilimfika kifuani. Ilikuwa imebakiza wiki mbili tatu ianze kupasuka kwa pamoja, ule weupe unaofanya watu waimbe bila sababu. Aliingia kwenye mstari wa kwanza na kuanza kazi aliyofundishwa chuoni. Matumba ya maua kumi kila mstari, mistari kumi. Kila tumba alilivuta karibu, akaligeuza, akatafuta kitobo kidogo kama cha pini na unga wa manjano pembeni yake. Akaokota yaliyoanguka, akayapasua kwa kucha, akatafuta funza mweupe ndani. Jua lilimchoma shingo. Alimaliza mia moja.

Hakuna. Hata kimoja.

Alisimama katikati ya mistari na matumba yaliyopasuliwa yamejaa viganjani. Miaka saba sifuri ilikuwa kitu anachokiandika. Leo alikuwa ameiona kwa macho yake, na bado haikumtosha. Mia moja kati ya maelfu mangapi? Na wale saba waliokauka, wenzao walikwenda wapi? Wiki tatu kamili zilikuwa zimepita tangu mtego ule ufunguliwe kweli. Jike moja hutaga mayai mia mbili. Kama wameruka, wameruka, hawakuangalia kitako cha kikombe kwenye ramani. Wangelala msimu huu kwenye majani makavu, wakaamka mwakani, na mwakani usingekuwa wakati wa kuzungusha uzi. Ingekuwa bonde zima, kisha bonde la pili. Na yule mjane wa fundi baiskeli angekuwa amefyekewa bure, maana alichopotezea shamba kingekuwa kimeshatoroka.

Aliyajua yote hayo. Aliyajua tangu asubuhi, akiwa amekaa kwenye vumbi. Alichokuwa anakitafuta kwenye matumba mia ya mama yake ilikuwa ruhusa ya kunyamaza, na hakuipata.

Alirudi barazani. Alimbusu mtoto, akamwambia mama yake atarudi.

"Hukula," mama alisema.

"Nitakula."

"Kwa uso huo? Sidhani."

*

Asubuhi yake alimkuta mkuu akifungua madirisha. Alisimama mbele ya meza, hakukaa.

"Sifuri ya Jumatatu iliyopita si ya kweli. Wala ya Jumatatu ya kabla yake. Mitego sita ya ng'ambo sikuifungua. Mara ya mwisho kuufungua namba tisa, jana ilikuwa inatimia wiki tatu."

Mkuu alibaki ameshika kitasa cha dirisha.

"Fomu ina saini."

"Najaza kabla ya kwenda. Nimekuwa najaza kabla ya kwenda kwa miaka saba. Siku zote nilikwenda. Mara hizi mbili sikwenda."

Mkuu alirudi kwenye kiti taratibu kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa. Alifungua faili, akapekua fomu za mwaka huu, za mwaka jana, za mwaka juzi. Kurasa nyeupe, safi, sifuri zimepangana kama shanga.

"Nimezipitisha zote hizi," alisema baadaye. "Sijawahi kujiuliza kwa nini karatasi inayotoka shambani haina hata alama ya kidole." Alifunga faili. "Nani anajua?"

"Sindano ameona waliokauka. Hakusema kitu."

"Na angeendelea kutosema. Na wewe ungeweza kutosema." Alimtazama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Unajua nani yumo ndani ya kilomita tano?"

"Mama yangu yumo."

Mkuu aliupima uzi kwenye ramani. Haukufika. Alitafuta mwingine kwenye droo, akakosa, mwisho akainama akafungua kamba ya kiatu chake, akaiunganisha na uzi kwa fundo. Penseli ilizunguka. Duara jipya lilipita juu ya kijito, juu ya barabara, likameza namba arobaini na moja na nyingine nyingi. Mashamba mia tatu na sita.

"Utaandika maelezo kwa mkono wako," mkuu alisema, kiatu kimoja kikiwa wazi. "Operesheni hii utaiongoza, kwa sababu hakuna mwingine anayezijua njia zote. Ikiisha utakabidhi pikipiki na funguo. Baada ya hapo si mimi nitakayeamua."

"Sawa."

"Si sawa," mkuu alisema. "Lakini nenda."

*

Mama yake alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu mkaguzi azaliwe. Sindano ya kushonea ilibaki imechomekwa kwenye kitambaa.

"Kwangu mmemwona mdudu?"

"Hapana, mama. Niliangalia jana. Sikuona."

"Lakini mtakata."

"Tutakata. Yote."

Mama alitazama shamba. Lilianzia hatua ishirini kutoka barazani na kushuka hadi kwenye kijito.

"Uliandika kabla ya kuangalia," alisema. Hakuuliza.

"Ndiyo, mama."

"Mimi sikusoma. Lakini katika maisha yangu sijawahi kumwambia mtu chakula kimeiva kabla sijafunua sufuria." Aliichomoa sindano, akashona mara mbili, akaacha tena. "Na kama usingewaambia?"

"Shamba lako lingebaki mwaka huu."

"Mwaka huu," mama alirudia. Alikusanya mifuko yake, akaingia ndani, akapita juu ya mguu wa mjukuu wake bila kuugusa.

Walianza kukata Alhamisi. Vibarua wa kiwanda cha kuchambua pamba waliletwa kwa lori, kwa sababu kiwanda nacho kilijua kinachokisubiri. Walikwenda shamba hadi shamba kwa mapanga, wakifyeka chini kabisa, wakikusanya miche katika marundo, wakimwagia mafuta machafu. Moshi wa pamba mbichi ni mzito, unanata kooni. Watu walisimama pembeni mwa mashamba yao mikono nyuma. Wengine walimtazama mkaguzi akipita na ubao wake, wengine wakageuza uso. Mjane wa fundi baiskeli alimwambia tu, "Kumbe mlijua mmechelewa," na kwenda zake. Habari ya sifuri ilikuwa imeshaenea. Hakuwa na wa kumlaumu, aliieneza mwenyewe kwa kusimama kwenye mkutano wa wakulima na kuisema.

Sindano alitembea nyuma ya wakataji na beseni, akipasua matumba. Siku ya kwanza, upande wa mashariki, karibu kilomita nne kutoka mtegoni, alimwita mkaguzi kwa kidole. Kwenye kiganja chake palikuwa na tumba lililopasuliwa, na ndani yake funza mweupe aliyejikunja. Akampasulia la pili. Na la tatu.

"Kilomita nne," Sindano alisema. "Ungenyamaza, huyu mwakani angekuwa na wajukuu mpaka kwa jirani zetu nje ya mpaka."

Hilo lilimpa mkaguzi kitu cha kushika kwa siku moja. Siku ya pili walifika namba arobaini na moja.

Mama yake alikuwa ameshaanza. Mistari mitatu ilikuwa chini, naye yuko kwenye wa nne, panga mkononi, khanga kaifunga kiunoni. Kibarua mmoja alimwambia, "Mama, tuachie sisi." Alimjibu bila kugeuka, "Nilipopanda ulinisaidia?" Wakamwachia mstari wake. Alikata hadi mwisho wa shamba, na walipowasha moto alisimama karibu kuliko wote, mpaka nyusi zikamwungua ncha.

Sindano alipasua matumba mia nne ya shamba lile. Alirudi na beseni, akasimama mbele ya mkaguzi, akakosa pa kuweka macho.

"Kwa mama ni safi," alisema. "Samahani, dada. Ni safi kabisa."

*

Kazi ya mwisho ilikuwa nyumba. Pamba yote isiyochambuliwa, na chochote kilichogusana nayo. Nyumba nyingine vibarua waliingia wenyewe na gunia la plastiki na orodha. Hii aliingia mkaguzi.

Mama yake alikuwa ameshaitoa mifuko ya kuchumia. Ilikuwa imerundikwa barazani, imefuliwa, imekunjwa, mikanda ya suruali za marehemu ikionekana kwenye pindo. Yeye mwenyewe alikaa pembeni yake, akitazama pengine, majivu yamemkaa kwenye nywele.

Mtoto alikuwa amekaa kitako, mguu juu ya mto.

"Mnachukua na wangu?"

"Na wako."

"Una wadudu?"

"Sidhani."

"Umeangalia?"

Mkaguzi alimtazama mtoto, akautazama mto. Ulikuwa wa kuchomwa vyovyote iwavyo. Lori lilikuwa linasubiri barabarani, limeanza kupiga honi. Aliuinua mguu wa plasta kwa mkono mmoja, akauvuta mto kwa mwingine, akaweka blanketi lililokunjwa mahali pake. Kisha akakaa chini sakafuni, akatafuta ncha ya uzi wa mama yake, akafumua mshono.

Alitoa pamba konzi kwa konzi. Kila konzi aliitandaza juu ya ubao wa fomu, akaitenganisha kwa vidole, akazigeuza mbegu moja moja kwenye mwanga wa mlangoni. Lori lilipiga honi tena, likanyamaza. Mtoto alijisogeza ili aone vizuri. Pamba iliyokaguliwa ilipanda kando ya goti lake kama povu, na iliyobaki ndani ya mto ikapungua, mpaka akageuza mto ndani nje na kuukung'uta.

"Hakuna," alisema.

Alianza kuirudisha pamba kwenye gunia la plastiki. Alipoinua macho, mama yake alikuwa amesimama juu yake. Alikuwa ameshika mifuko ya kuchumia, yote, kifuani. Akainama, akaiweka sakafuni mbele ya binti yake, akauchukua wa juu, akaukunjua na kumnyooshea.

"Bado huu," alisema.